Pishi Moja ni Kilo Ngapi? Safari Ndefu ya Kipimo cha Zakatul-Fitri

 

Ndugu msomaji, makala haya yamezaliwa na magunia mawili ya mchele. Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 29 Ramadhan, miaka mitatu iliyopita. Sisi vijana wa msikiti tulikuwa tumepewa amana ya kufunga Zakatul-Fitri. Watu walikuwa wametoa pesa za vichwa 400, na ilikuwa imetangazwa baada ya swala ya Ijumaa kwamba kila kichwa ni mchele kilo mbili na nusu. Hesabu haikuwa ngumu: kilo 1,000, yaani magunia 20 ya kilo 50. Yalinunuliwa, yakaletwa, tukakaa mkekani baada ya tarawehe na kuanza kazi.

Mizani hatukuwa nayo. Tulikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, ule ulioandikwa kilo 2 ubavuni, ambao sote tunaujua toka tukiwa wadogo kwa sababu ndio gorogoro la sokoni. Tukasema: mkebe mmoja ni kilo mbili, robo mkebe ni nusu kilo, basi mkebe na robo ndiyo kilo mbili na nusu. Tukachota, tukafunga mifuko 400 yote. Tulipomaliza tukakuta magunia mawili mazima yamebaki, hayajaguswa. Tukafurahi kweli. Mmoja wetu akasema hii ni baraka ya mwezi mtukufu, na kila mtu akaitikia "Allahu Akbar".

Mzee mmoja ambaye aliuza nafaka sokoni zaidi ya miaka thelathini alikuwa amekaa pembeni anavuta uradi. Akainua kichwa akasema, "Wanangu, baraka haina hesabu, lakini gunia lina hesabu. Leteni mizani." Ikaenda kuazimwa mizani ya duka. Tukaweka mfuko wa kwanza: kilo mbili na robo. Wa pili: kilo mbili na robo. Wa kumi, hivyo hivyo. Kila mtu aliyelipia kilo mbili na nusu tulikuwa tumempunja robo kilo, na robo kilo mara 400 ni kilo 100. Ndiyo magunia mawili ya baraka yetu.

Tulifungua mifuko yote tukaongeza mpaka wakati wa daku. Lakini mimi swali halikunitoka. Mkebe umeandikwa kilo 2, mbona haukutoa kilo 2? Na hiyo kilo mbili na nusu yenyewe imetoka wapi, maanake Mtume (S.A.W.) hakutaja kilo?

Nilichokikariri bila kukijua

Sisi tuliosoma madrasa za pwani, wengi tumepitia Matn ya Abu Shujaa. Mle ndani tunafundishwa kuwa mtu atatoa pishi moja ya chakula kikuu cha mji wake, na kwamba kiasi chake ni ratili tano na theluthi za Iraq. Mimi nililihifadhi hilo nikiwa na miaka kumi na moja. Nilisoma mbele ya maalim nikapewa "maashallah". Lakini ungeniuliza siku ile ratili ya Iraq ni kitu gani, ningekodoa macho. Pengine hata leo wako wenzangu wengi wa hali hiyo.

Basi tuanze mwanzo. Zakatul-Fitri ilifaradhishwa mwaka wa 2 Hijria, mwaka ule ule wa kufaradhishwa funga ya Ramadhan. Katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliiweka kuwa ni pishi ya tende au pishi ya shayiri, juu ya kila Mwislamu, mkubwa na mdogo. Abu Said Al-Khudri (R.A.) naye anataja pia zabibu na jibini kavu. Neno la Kiarabu ni saa', na masheikh wetu wa pwani wamelifasiri kuwa ni pishi. Saa' moja ina mudi nne, na pishi moja ina vibaba vinne, kwa hivyo mudi ikawa kibaba.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo sikulitambua nilipokuwa madrasa. Pishi ni chombo. Si uzito. Unakijaza, unakifuta juu, umemaliza. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na akioga janaba kwa pishi moja mpaka vibaba vitano, kama alivyopokea Anas (R.A.). Kipimo hicho hicho kilipima maji na kilipima tende. Lakini maji ya pishi moja na shayiri ya pishi moja haviwezi kuwa na uzito mmoja hata siku moja. Ukipima kwa chombo hilo halikuhusu. Ukipima kwa mizani ndiyo fitina inaanza!

Na watu wa zama zile walizijua njia zote mbili. Iko hadithi katika Abu Daud na Nasai yenye maana kwamba katika mizani kinachofuatwa ni cha watu wa Makka, na katika vyombo vya kupimia kinachofuatwa ni cha watu wa Madina. Ukiifikiria utaona inaingia akilini. Makka ni mji wa wafanyabiashara, fedha na dhahabu zinapimwa kwa mizani. Madina ni mji wa mashamba, tende na shayiri zinachotwa. Ibn Abbas (R.A.) amepokewa akisema kuwa Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wake ni katika wapunjaji wabaya kabisa wa vipimo, ikateremka Suratul-Mutaffifin, wakatengenea. Baadaye Mtume (S.A.W.) akaiombea Madina baraka katika pishi yake na kibaba chake.

Kipimo kinaanza kuhama

Chombo kina ubaya mmoja: kinaweza kutengenezwa upya kikawa kikubwa zaidi, na mtoto atakayezaliwa baadaye akadhani ndicho kilichokuwepo siku zote.

Hilo lilitokea mapema. As-Saib bin Yazid (R.A.), aliyekuwa mtoto wakati wa Mtume, amepokewa katika Bukhari akiwaambia watu kwamba pishi ya zama za Mtume ilikuwa sawa na kibaba kimoja na theluthi tu cha vibaba vyao vya sasa. Yaani kwa maisha ya mtu mmoja, kibaba kilikuwa kimekua mara tatu! Imam Malik naye katika Muwatta anataja kibaba kikubwa cha Hisham, anakitenga kwa kafara ya dhihari peke yake, na anasema Zakatul-Fitri na kafara nyengine ni kwa kile kibaba kidogo, kibaba cha Mtume.

Halafu kuna kisa cha Muawiya (R.A.). Alikuja Madina kutoka Sham akiwa khalifa, akapanda mimbari akasema kuwa yeye anaona vibaba viwili vya ngano ya Sham ni sawa na pishi nzima ya tende. Ngano ilikuwa ghali na nzuri, kwa hivyo nusu ya kipimo ikatosha kwa thamani. Watu wakalifuata. Abu Said Al-Khudri akakataa, akasema yeye ataendelea kutoa kama alivyokuwa akitoa. Kisa hiki kiko katika Muslim, na ndugu zetu Mahanafi mpaka leo wanaona nusu pishi ya ngano inatosha. Tazama lakini: swali la Muawiya si la ujazo wala uzito, ni la bei.

Wazee hamsini na pishi zao

Kwa upande wangu, kisa kitamu kuliko vyote ni cha Abu Yusuf. Huyu alikuwa mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa, na baadaye kadhi mkuu wa Harun Rashid. Alifariki mwaka wa 182 Hijria (798). Kule Iraq walikuwa wanahesabu pishi kuwa ni ratili nane. Watu wa Madina walikuwa wanasema ni ratili tano na theluthi. Tofauti si ndogo. Ni kama mtu mmoja akwambie kilo mbili na mwengine akwambie kilo tatu.

Al-Bayhaqi amepokea kwamba Abu Yusuf alipofika Madina aliuliza habari ya pishi. Wakamjibu kuwa pishi yetu hii ndiyo pishi ya Mtume (S.A.W.). Akawauliza, na hoja yenu ni ipi? Wakamwambia, hoja tutakuletea kesho.

Kesho yake wakaja wazee karibu hamsini, watoto wa Muhajirina na Ansari. Kila mmoja amebeba pishi chini ya shuka yake. Kila mmoja anaeleza kutoka kwa baba yake au watu wa nyumbani kwake kwamba hii ndiyo pishi iliyotumika zama za Mtume. Abu Yusuf akazitazama, akaziona zote ziko sawa. Akaipima, akapata ratili tano na theluthi, na upungufu kidogo tu. Akasema ameona jambo lenye nguvu, akaiacha kauli ya mwalimu wake.

Hebu fikiria, msomaji. Hakuna kitabu kilichofunguliwa siku ile. Kilicholetwa ni vyombo vya jikoni, vile vile ambavyo mama zao na nyanya zao walikuwa wakichotea shayiri ya kusaga. Ushahidi wa sharia ulitoka jikoni ukapelekwa mbele ya kadhi. Na Abu Yusuf hakuona haya kubadilisha rai yake mbele ya watu, ingawa mwalimu wake alikuwa Abu Hanifa.

Lakini angalia alichofanya: aliipima. Kwa tendo hilo chombo kikageuzwa kuwa uzito, na vitabu vya fiqhi vikaandika ratili, kwa sababu ratili inaandikika na chombo hakiandikiki. Huwezi kukitia chombo ndani ya kitabu ukakipeleka Khurasan.

Imam Nawawi na shaka yake

Waislamu walipoenea, ratili zikawa nyingi kama miji. Ikabidi kusemwa "ya Iraq" au "ya Baghdad". Ratili yenyewe ikapimwa kwa dirhamu: Imam Rafii akasema ni dirhamu 130, Imam Nawawi akasahihisha kuwa ni dirhamu 128 na sehemu 4 katika 7. Kwa hesabu ya Nawawi pishi inakuwa dirhamu 685 na sehemu 5 katika 7. Hesabu ya kuumiza kichwa, lakini ndiyo ilivyo.

Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, 1277) hakuridhika na hesabu yake mwenyewe. Katika kitabu chake Ar-Rawdha anasema kuiwekea pishi ratili maalumu ni jambo lenye mushkili, kwa kuwa pishi ya zama za Mtume ilikuwa chombo kinachojulikana, na uzito wake unageuka kwa kugeuka kinachotiwa ndani, kama mtama na dengu. Akanukuu kuwa tegemeo ni chombo, na asiyekuwa nacho atoe kiasi ambacho ana yakini hakipungui. Hizo ratili tano na theluthi, anasema, ni makadirio. Nilipousoma mlango ule nilicheka peke yangu katika maktaba ya chuo. Tatizo letu la mkebe lilikuwa limeandikwa zaidi ya miaka mia saba kabla yetu.

Ametaja pia njia ya wasio na chombo wala mizani: chota mara nne kwa viganja viwili vya mtu wa wastani. Al-Firuzabadi, mwenye kamusi mashuhuri, ameandika kuwa aliijaribu akaiona ni sahihi. Sisi pia tuliijaribu, vijana watano na beseni la mchele. Aliyepata kidogo alipata kilo 1.8. Aliyepata nyingi ni golikipa wetu, alipata 2.6. Kwa hivyo hilo neno "wastani" lina kazi yake.

Kule Maghribi wao waliilinda pishi kwa njia nyengine, nayo imenipendeza sana. Mwaka wa 1917 mtaalamu wa Kifaransa, Alfred Bel, alichapisha maelezo ya vyombo vitatu vya shaba vilivyopatikana mjini Fès, vilivyokuwa vya kupimia Zakatul-Fitri. Juu ya vyombo vya namna hii, kama kile cha Sultani Abul-Hasan aliyeanza kutawala Morocco mwaka wa 1331, imechongwa isnadi: kibaba hiki kimelinganishwa na kibaba cha fulani, naye alikilinganisha na cha fulani, mpaka kufika kibaba cha swahaba Zayd bin Thabit (R.A.). Sisi tumezoea isnadi ya hadithi. Kumbe hata kikombe kinaweza kuwa na isnadi!

Pwani yetu na ratili sita

Huku kwetu pishi haikuhitaji kuelezwa, kwa sababu ilikuwa jikoni na sokoni. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kwa nafaka nyingi kulikuwa na jizla, ambayo kamusi za zamani zinasema ni pishi 60, na ajabu ni kuwa wasaki ya Kiarabu nayo ni pishi 60. Kibaba tumebakiwa nacho katika methali ya haba na haba, ingawa watoto wengi wanaoisema leo hawajakiona.

Kamusi hizo hizo zinatwambia pishi ni uzito wa kama ratili sita. Lakini ratili hii si ile ya Baghdad. Hii ni ya Kiingereza, gramu 453 na kitu, na ile ya Baghdad ni kama gramu 400, kutegemea nani anahesabu. Neno ni moja, lina asili ile ile ya Kiarabu, lakini mizani ni mbili. Mtu akichukua ratili tano na theluthi za Abu Shujaa akadhani ni za dukani kwa Muhindi, atapata kilo 2.42, na amezidisha. Kuzidisha hakuna ubaya. Ila ajue kuwa amezidisha.

Ratili sita ni kilo 2.72. Hapo pia nilitatizika, kwa sababu ni nyingi kuliko hesabu za vitabu. Nikaenda kwa bibi yangu. Bibi ana pishi ya mbao aliyorithi kwa mama yake, sasa anawekea vitunguu. Nikamwomba tupime mchele. Akachota, akajaza mpaka ukafanya mlima juu. Nikamwambia, "Bibi, ifute basi." Akanitazama kama niliyemtukana.

"Pishi ya mfuto ni ya kuuzia, mjukuu wangu. Ya kumpa mtu ni ya tele."

Tukapima zote mbili. Ya mfuto, yaani iliyofutwa sawa na ukingo, ilitoa kilo 2.3. Ya tele, yenye mlima, ilitoa 2.7. Ndizo ratili sita zenyewe. Sisemi pishi zote za pwani zilikuwa sawa na ya bibi yangu. Nasema tu kuwa kabla ya kuuliza pishi ni kilo ngapi, uliza kwanza imefutwa au haikufutwa. Mkono wa mpimaji nao umo katika hesabu.

Kutoka dirhamu mpaka gramu

Ratili zilipoondoka na kilo zikaingia madukani, wanavyuoni wa zama hizi ilibidi wafanye tena ile kazi ya Abu Yusuf. Na hapa ndipo zilipotoka namba zinazotuchanganya kila mwaka.

Sheikh Ibn Uthaymin (aliyefariki 2001) amesema pishi ni gramu 2,040 za ngano nzuri. Sheikh Yusuf Al-Qaradawi (aliyefariki 2022) katika kitabu chake cha zaka amesema ni gramu 2,176 za ngano. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudia imesema takriban kilo 3. Kwa kufuata ratili nane Mahanafi wanapita kilo 3. Msikiti huu unatangaza 2.5, ule wa mtaa wa pili unatangaza 3, na vijana wanaanza kulaumiana kuwa fulani anapunja dini na fulani anawatwisha watu mzigo.

Nilikaa na kikokotoo nikapiga hizo dirhamu 685 na sehemu 5 katika 7 za Nawawi. Ukisema dirhamu ni gramu 2.975, unapata 2,040 barabara. Ukisema ni gramu 3.17, unapata kama 2,174, karibu sawa na hesabu ya Qaradawi. Yaani masheikh hawa wawili wanakubaliana juu ya pishi. Walichotofautiana ni uzito wa sarafu moja ndogo ya fedha. Na hao wa kilo 3 wameweka akiba, na mchele ni mzito kuliko ngano ndani ya chombo kimoja.

Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu sana sisi. Hizo gramu 2,040 na 2,176 ni za ngano. Sisi hatutoi ngano. Tunatoa mchele, mahindi, maharagwe.

Tulivyofanya sisi

Sheikh Ibn Uthaymin ameeleza njia rahisi ya kurudi nyuma: pima gramu 2,040 za ngano nzuri, itie katika chombo, na pale itakapojaa ndiyo pishi. Kisha tumia chombo hicho kwa chakula chengine chochote. Mwaka uliofuata baada ya yale magunia mawili, tulifanya hivyo. Tulichukua ndoo ndogo ya plastiki inayoonekana ndani, tukamimina ngano iliyopimwa, tukaitikisa kidogo ikae sawa, tukapiga mstari kwa wino. Kisha tukajaza vitu vyengine mpaka kwenye mstari na kuvipima.

Mchele ulitoa kilo 2.2. Maharagwe 2.1. Mahindi makavu 1.95. Unga wa ngano ndio uliotushangaza: ukimiminwa taratibu ulitoa kilo 1.4, ukigongwa gongwa ukashindiliwa unakaribia 1.8. Mama zetu wanalijua hili bila ya mizani. Mwenye kupika kaimati akachota kikombe cha unga uliochekechwa, na mwengine akachota uliolala chini ya debe, hawawezi kupata donge moja hata wakifuata maelezo yale yale.

Sasa tazama maana yake. Ule mkebe wa kilo 2 ulikuwa unaingia kilo 2 za mafuta, basi. Mafuta hayana nafasi katikati, mchele una hewa baina ya punje na punje. Ukijaza mchele na kuufuta unapata kama kilo 1.8. Ndiyo maana mkebe na robo ukatupa mbili na robo.

Na jambo jengine, hili ni la familia nyingi. Wako watu wananunua pakiti ya mchele ya kilo 2 dukani na kuitoa kwa kichwa kimoja, kwa kuwa wamesikia pishi ni "kilo mbili na kidogo". Kwa mahindi kilo 2 imetosha, hata imepita kwa hesabu ya gramu 2,040. Kwa mchele imepungua gramu 200. Na unga, ambao ndio unaogawiwa sana kwa sababu pakiti zake ziko tayari, kwa ujazo umezidi pishi lakini una mas'ala yake: sisi Mashafi tumesoma kuwa yatolewe mazao yenyewe si unga, na Mahanafi na Mahanbali wanaukubali. Mimi si mufti, ni mwanafunzi tu. Kamuulize sheikh wako. Lakini ukienda kumuuliza mwambie unatoa nini, usimuulize tu ni kilo ngapi.

Vile vile kwa wazee na wagonjwa wasioweza kufunga, wanaotoa fidia ya kibaba kimoja kwa kila siku. Kibaba cha ngano kwa hesabu ya Qaradawi ni gramu 544. Kwa mchele, ndoo yetu ilitoa gramu 550. Bibi yangu hutoa kibaba cha tele kwa siku zake thelathini na hataki kusikia habari ya gramu.

Msikiti wetu uliendelea na kilo mbili na nusu za mchele, na sasa tunajua kwa nini: pishi ya mfuto ni 2.2, na kilichobaki ni ule mlima wa juu. Ndoo yenye mstari wa wino iko stoo, imefungwa kwa gazeti ili mstari usifutike, na pembeni yake iko mizani tuliyochangiana kununua. Yule mzee wa nafaka huja kila mwaka usiku wa tarehe 28 kuijaribu kwa jiwe lake la kilo moja kabla hatujaanza. Mkebe wa mafuta tulimpa muuza kahawa anayekaa nje ya msikiti. Anachotea maji.

Wallahu aalam.